Usiku wa Majini Doha: Vitafunio Vyepesi vya Kutisha Watu Wazima

Ukitaka kumtisha mtu mzima mezani, mpe kitu anachokijua tangu utotoni kikiwa na sura asiyoitarajia. Yai lenye mishipa. Tende yenye masharubu ya mende. Mkono wa pweza unaochomoza kwenye bakuli jeusi. Hofu ya namna hiyo haihitaji rangi za chupa, wala keki iliyozama kwenye sukari, wala pombe. Inahitaji jina zuri, mwanga hafifu na msimulizi anayejua wapi pa kunyamaza.

Naandika haya kwa ajili yako wewe uliyeko Doha: nesi, mlinzi, mhudumu wa hoteli, dereva, mwalimu, mhudumu wa ndege. Mwisho wa Oktoba wenzako wa kazini watakuwa wakizungumzia Halloween, na huenda ukaombwa nawe uandae kitu. Wengi wetu tunaiona sikukuu hiyo kuwa ya watu wengine, na Waislamu wengi hawaitaki kabisa. Basi iache. Andaa usiku wa hadithi za majini, siku yoyote kati ya Novemba na Machi, wakati hewa ya Doha inapokuwa ya kukalika nje, na meza yako itoke pwani ya Afrika Mashariki. Mfilipino, Mhindi na Mwingereza watakaokuja watatishika vilevile, pengine kuliko sisi, maana zimwi la kwetu hawajapata kulisikia.

Siku nzuri ni Ijumaa usiku. Mapumziko ya Qatar ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo wenye bahati watalala hadi jua lipande. Alhamisi usiku ingefaa kwa ratiba ya kazi, lakini kwa Waislamu wa pwani huo tayari ni usiku wa Ijumaa, usiku wa uradi na dua, na mgeni mwenye heshima zake hatapenda kuitwa kwenye mazungumzo ya mashetani wakati huo. Waalike baada ya Isha, saa mbili hivi. Jambo jingine la kukusaidia: Doha na Afrika Mashariki ziko saa moja. Shangazi aliyeko Tanga au Lamu anaweza kukutumia sauti yake akisimulia kisa cha kijijini, nawe ukaicheza taa zikiwa zimezimwa, usiku wake ukiwa ndio usiku wenu.

Kuhusu wepesi wa chakula, sababu zangu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba wengi wa wageni wako wanaishi kwa zamu. Anayeingia lindo la saa kumi na mbili, au anayepaswa kuwa uwanja wa ndege kabla ya alfajiri, hawezi kubeba tumbo lililojaa sambusa za mafuta. Ya pili ni sukari. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba karibu raia 17 katika kila 100 wazima wa Qatar wana kisukari, na sisi wageni hatukuja na kinga yoyote. Kopo moja la soda la mililita 330 lina sukari ya gramu 35 hivi, wakati Shirika la Afya Duniani lingependa mtu mzima asizidishe gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima. Serikali yenyewe iliweka ushuru wa asilimia 50 kwenye vinywaji vyenye gesi kuanzia Januari 2019. Kwa hiyo soda itakutoa fedha na haitamtisha mtu. Iondoe kwenye orodha yako ya manunuzi.

Vinywaji

Anza na damu ya zimwi, yaani rosela. Zanzibar wengine wanaiita choya. Kwenye maduka ya Wamisri na Wasudani hapa Doha ulizia karkade, utapewa maua makavu mekundu kwa kupimiwa. Chukua gramu 50 za maua, yasuuze haraka kuondoa vumbi, yachemshe kwenye lita mbili za maji pamoja na kipande cha tangawizi kilichopondwa, kijiti cha mdalasini na karafuu tano. Dakika kumi zinatosha. Zima moto, funika, subiri dakika ishirini, kisha chuja kwa kitambaa safi. Wakati bado ina moto tia vijiko vinne vikubwa vya sukari, si zaidi. Hapo umepata glasi nane, kila moja ikiwa na gramu sita hivi za sukari, na wekundu wake ni mzito kiasi kwamba mwanga wa taa haupenyi. Usiongeze rangi yoyote. Kwa wageni kumi na wawili pika mara tatu.

Neno la tahadhari hapa: rosela hushusha shinikizo la damu kidogo. Mwenye kunywa dawa za presha anywe glasi moja atulie, na mama mjamzito mpe kinywaji kingine.

Damu hiyo itakuwa tamu kwa macho ukiiwekea mkono wa barafu. Nunua glavu za jikoni zisizo na unga ndani, zile zilizoandikwa kwamba zinafaa kwa chakula. Suuza moja kwa maji safi, ijaze rosela iliyopoa, funga kwa uzi pale kwenye kifundo, ilaze kwenye sinia na uiweke kwenye friza usiku kucha. Wageni wakiwa mlangoni, kata glavu kwa mkasi na uibandue taratibu, maana vidole huvunjika kwa urahisi. Kidole kikivunjika usijali, kitupe bakulini kikaelee peke yake. Ukiigandisha rosela yenyewe badala ya maji, kinywaji hakitachujuka barafu inapoyeyuka.

Kinywaji cha pili nakiita maji ya kinamasi. Saga matango matatu pamoja na kishungi cha mnanaa, juisi ya ndimu nne na lita moja na nusu ya maji baridi. Chuja kidogo tu, kibaki na ukungu wa kijani. Pembeni, loweka vijiko viwili vikubwa vya tukmaria kwenye kikombe cha maji kwa dakika kumi na tano. Hizi ni zile mbegu ndogo nyeusi zinazotiwa kwenye sharubati na faluda. Wauzaji wa Kihindi wanaziita pia sabja. Zikivimba kila mbegu huvaa utando wa kuteleza na kuwa na sura kamili ya mayai ya chura. Zimimine kwenye mtungi mbele ya wageni, wazione zikishuka. Hakuna sukari humo, na ni kinywaji kinachoburudisha kuliko vyote nitakavyovitaja. Hakikisha tu zimevimba vizuri kabla ya kunywewa, kwa sababu mbegu kavu inaweza kumkwama mtu kooni.

Cha tatu ni kahawa chungu ya tangawizi kwenye vikombe vidogo, bila sukari kabisa. Iache ije mwisho, wakati wa hadithi. Wenyeji wa hapa wana kahawa yao nyepesi yenye hiliki, nayo inafaa kama huna buli na jiko la mkaa.

Kuhusu pombe niwe wazi. Kulewa hadharani Qatar ni kosa la jinai, kuingiza pombe nchini ndani ya mizigo hakuruhusiwi, na wanaoweza kununua kwa ajili ya nyumbani ni wageni wasio Waislamu wenye kibali maalumu. Mezani mwako watakaa Waislamu na Wakristo pamoja, wengine wakiwa na kazi ambazo kosa moja linatosha kuwarudisha nyumbani. Usiku usio na pombe unamlinda kila mmoja wao. Hata kiini cha vanila ukikinunua, soma kibandiko; baadhi ya chupa zina pombe ndani. Vanila ya unga haina tatizo hilo.

Vya kutafuna

Pweza ndiye mfalme wa meza hii. Ana sura ya kutisha bila kusaidiwa, nyama yake haina mafuta karibu kabisa, na gramu 100 zake mbichi zina kalori 80 hivi tu. Utampata kwenye soko la samaki la bandari ya zamani, pale Mina, au kwenye friza za maduka makubwa. Usimdharau aliyegandishwa: baridi hulainisha nyama yake na kukuepusha na kazi ya kumpigapiga kwenye mwamba, kazi ambayo majirani wa ghorofa hawataielewa. Chukua pweza wa kilo moja na nusu, mwache ayeyuke ndani ya friji usiku mzima. Mchemshe kwa moto mdogo na kitunguu kizima na jani la mdalasini, bila chumvi, kati ya dakika 45 na saa moja. Mchome kwa ncha ya kisu pale mkono unapoungana na kichwa. Kisu kikiingia bila ubishi, ameiva. Mwache apoe ndani ya maji yake ili ngozi isichubuke.

Sasa tengeneza bahari yake. Loweka gramu 100 za ukwaju kwa maji moto, kamua, chuja. Saga na kitunguu saumu, pilipili mbuzi nusu, chumvi kidogo na tende tatu badala ya sukari. Chemsha hadi uwe mzito na mweusi. Mimina kwenye bakuli pana, kisha panga mikono ya pweza, ile yenye ncha zilizojikunja, ikitokea katikati ya ukwaju na kuning'inia ukingoni. Ipake ndimu na kijiko kimoja cha mafuta ing'ae. Wageni watakata kwa mkasi na kuchovya. Hii ndiyo mikono ya chunusi, yule pepo wa majini ambaye watoto wa pwani huonywa kwamba anawavuta waogao kilindini.

Na hapo una kisa kilichokusubiri Doha tangu zamani. Wapiga mbizi wa lulu wa Ghuba walikuwa na Bu Darya, jini wa baharini ambaye ni nusu mtu nusu samaki, anayepanda majahazi usiku mabaharia wamelala, akachukua mtu au chakula. Chunusi na Bu Darya wameishi kwenye maji ya majahazi yaleyale, yaliyokwenda na kurudi kwa pepo za kusi na kaskazi, yakishusha huku boriti za mikoko kutoka Lamu na Rufiji. Mwambie mgeni wa Kiqatari au Kibahraini aanze na Bu Darya, nawe umjibu kwa chunusi. Nakuhakikishia hakuna atakayetazama simu.

Angalizo moja kuhusu pweza: Waislamu wanaofuata madhehebu ya Hanafi, ambao ni wengi miongoni mwa Wapakistani na Wahindi, kwa kawaida hawamli. Mtaje waziwazi unapoalika, usingoje mtu aulize akiwa ameshatia mdomoni. Wahindu wengi nao hawali nyama wala mayai, na kwa ajili yao kuna boga.

Boga la kwetu, lenye nyama ngumu ya manjano iliyokolea, ni bora kuliko yale makubwa ya rangi ya chungwa yanayochongwa sura. Yale yana maji mengi na ladha kidogo. Chukua kilo moja na nusu, menya, katakata, pika na kitunguu kimoja na tangawizi kwenye maji ya kufunika tu. Likiiva lisage liwe uji mzito. Tui la nazi, ambalo ndilo lenye mafuta, usilimimine ndani. Weka nusu kikombe pembeni kwa ajili ya utando wa buibui. Pakua supu kwenye vikombe vya kahawa, chora juu yake duara tatu za tui kwa kijiko chembamba, kisha vuta njiti ya meno kutoka katikati kwenda nje mara sita au saba. Supu ikiwa nyepesi utando utazama, kwa hiyo usiogope kuichemsha zaidi. Juu ya utando dondosha punje mbili tatu za habasoda, ziwe wadudu walionaswa.

Mayai ya popo yanaanza siku moja kabla. Chemsha mayai kumi na mawili kwa dakika kumi, au ya kware, ambayo yanapendeza zaidi kwa udogo wake, kwa dakika nne. Yapoze kwenye maji baridi. Gonga ganda la kila yai kwa mgongo wa kijiko hadi lipasukepasuke pande zote, ila usilimenye. Pika chai ya rangi nzito kwa lita moja ya maji: vijiko vinne vikubwa vya majani, mdalasini, karafuu, kijiko kimoja cha chumvi. Ipoe kabisa, tumbukiza mayai, funika, weka ndani ya friji hadi kesho. Usiyaache nje, chumba cha Doha hakina ubaridi wa kuaminika kiyoyozi kikizimwa. Ukimenya utakuta nyufa zote zimejichora kahawia kwenye weupe wa yai, mishipa mitupu. Yai moja la kuku lina kalori 70 na kitu, na linashibisha.

Vidole vya mchawi ni sambusa ambazo hazikuona karai la mafuta. Kaanga kwa kijiko kimoja cha mafuta kifua cha kuku kilichosagwa, au dengu zilizochemshwa zikabaki kavu, na kitunguu, bizari, pilipili na kotmiri. Twaa manda za tayari, kata kila moja vipande virefu, weka kijazio kidogo na usokote iwe na unene wa kidole cha shahada. Bandika lozi nusu kwenye ncha kwa uji wa unga, huo ni ukucha. Minya kidogo mahali pawili ili kutokeze viungo. Paka mafuta kwa brashi, oka kwenye joto la 200 kwa dakika 15 hadi 18, ukigeuza mara moja. Vitatoka na mikunjo na madoa, na kadiri vinavyopinda ndivyo vinavyotisha. Waulize wageni kama kuna anayedhurika na lozi. Kwa huyo tumia kipande cha pilipili hoho.

Wengi wenu mnaishi nyumba za kampuni zisizo na oveni, pengine mna jiko la umeme la sahani moja mnaloshirikiana watu wanane. Vidole hivi huiva pia kwenye kikaango kikavu chenye mfuniko, moto mdogo, ukivigeuza kwa uvumilivu. Na kama hata hilo halipo, bado una vitu viwili visivyopikwa. 

Cha kwanza ni mende wa tende. Hapa uko kwenye nchi ya tende, zitumie. Khalas ni nzuri kwa kuwa ina rangi ya kahawia inayong'aa na ngozi laini. Pasua upande mmoja, toa kokwa, jaza labne, yaani mtindi mzito, iliyochanganywa na hiliki, kisha ifunge bila kuibana sana ili weupe uchungulie. Chomeka vijiti viwili vyembamba vya mnanaa mbele viwe masharubu. Mende hao usiwapange kwa mistari. Watawanye: watatu kwenye sinia, mmoja karibu na kikombe cha mtu, wawili nyuma ya mtungi. Tende moja ndogo ina kalori 20 hadi 25, na mtu akila mbili haja ya keki inamwisha.

Cha pili ni macho. Mashokishoki kutoka Thailand hupatikana kwenye maduka makubwa, na yasipokuwepo tumia laichi za kopo zilizohifadhiwa kwenye juisi, siyo kwenye shira ya sukari. Menya, toa kokwa, tumbukiza zabibu mbichi nyeusi kwenye tundu lililobaki. Mtu wa Tanga au Unguja aliyekula mashokishoki maisha yake yote atayatazama yakimtazama, na atasita. Dondoshea rosela kidogo ili yawe na damu.

Bisi ni kwa wale wanaotafuna bila kuangalia. Gramu 100 za mahindi, vijiko viwili vya mafuta, bizari ya manjano, pilipili na ndimu. Zinatosha watu wengi na ziite meno.

Nikijumlisha kikombe cha supu, vidole vitatu, yai, tende mbili, vipande vya pweza, macho matatu, bisi na glasi mbili za rosela, mgeni wako atakuwa amekula kalori 550 hivi kwa usiku mzima. Hicho ni chakula kamili cha jioni, kwa hiyo usipike biriani pembeni kwa hofu kwamba hawatashiba.

Vitu vya kuacha

Mkaa wa dawa, ule unga mweusi unaotiwa kwenye vinywaji na mikate ili viwe vyeusi, usiutumie. Hunyonya dawa tumboni kabla hazijafanya kazi, na huwezi kujua nani mezani anameza vidonge vya presha, kisukari au uzazi wa mpango. Ukwaju na tende vinakupa weusi wa kutosha. Barafu kavu inayofuka moshi ni hatari ikigusa ngozi au ikimezwa, na gesi yake kwenye chumba kidogo kilichofungwa inaweza kumlevya mtu hadi azimie. Peremende za umbo la minyoo mara nyingi zimetengenezwa kwa jelatini, na ukiwa na shaka imetoka kwa mnyama gani, ziache. Agari, ambayo madukani huitwa china grass na ndiyo inayogandisha faluda ya Mombasa, hutokana na mwani na itakupa minyoo mizuri ukiikata nyuzi nyembamba.

Moshi wa kutisha tunao wenyewe: udi na ubani kwenye chetezo. Harufu hiyo peke yake inatosha kumkumbusha mtu wa pwani ngoma za kupunga pepo. Lakini ukikaa kwenye jengo refu la West Bay au Lusail, kengele ya moshi ikilia, jengo zima litashuka ngazi. Fukiza barazani, mbali na mapazia, na ndani tumia taa ndogo za betri badala ya mishumaa. Kwenye chumba cha kulala watu wengi chenye vitanda vya ghorofa, usiwashe moto wowote.

Kuna mipaka ya heshima pia, na hii naishikilia kwa nguvu. Usivae kanzu ya Kiqatari wala abaya kama vazi la mchezo. Usiandike herufi za Kiarabu kwenye sahani zifanane na hirizi, maana utakuta umeandika jina la Mungu kwenye kitu kitakachotupwa jaani. Na ngoma za pepo zilizoko Ghuba, pamoja na leiwa ambayo nyimbo zake bado zina maneno ya Kiswahili, zililetwa na watu wetu, wengi wao wakiwa wamechukuliwa utumwani na kutumikishwa kwenye majahazi ya lulu na majumbani. Qatar ilikomesha utumwa mwaka 1952 tu. Nyumba ya Bin Jelmood, moja ya makumbusho ya Msheireb, inaeleza habari hiyo bila kuficha. Itembelee kabla ya sherehe yako. Ukitoka hapo utajua kipi ni cha kuchezea na kipi si cha kuchezea.

Hadithi

Chagua hadithi mbili au tatu, usizidishe. Gedi ni nzuri kwa kuanzia: mji wa mawe karibu na Malindi uliohamwa katika karne ya 17, msikiti, kasri na visima vikabaki msituni, na hadi leo wapo wanaosema kuna walinzi wasioonekana wanaomfuata anayeingia vibaya. Mwaka 2024 uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO, kwa hiyo mgeni asiyeamini anaweza kuutafuta kwenye simu yake akauona. Zimwi na binti anayeimba ndani ya ngoma nayo haichoshi kamwe, hasa ukiwafundisha wageni kuitikia “Pakawa!” kila unaposema “Paukwa!”

Popobawa, yule pepo wa visiwani, msimulie kwa tahadhari. Mwaka 1995 watu wa Pemba na Unguja walilala nje kwa makundi, wakiwasha moto, kwa kumwogopa, na yanayosimuliwa kwamba aliwafanyia watu ni ya kuingiliwa kwa nguvu. Kati ya wageni wako anaweza kuwapo aliyekuwa mtoto kwenye uwanja mmojawapo, au mtu mwenye jeraha lake mwenyewe. Muulize kila Mzanzibari faraghani kabla. Akikataa, una chunusi, una Bu Darya, una Gedi.

Kama nyumba ya kampuni hairuhusu wageni, na nyingi haziruhusu, hamia bustanini. Al Bidda ina sehemu zilizotengwa kwa kuchoma nyama, na usiku wa Januari ufukwe wa Corniche una upepo unaofaa hadithi za baharini. Beba mende, macho, mayai na rosela ndani ya sanduku la barafu. Pweza na supu viache nyumbani.

Jambo la mwisho ni la kufanya mwanzoni: kabla hujafungua mlango, tenga sahani ya kila mwenzako aliye zamu ya usiku, ifunike, iandike jina na uiweke ndani ya friji. Mayai na pweza mwambie avile ndani ya siku mbili. Rosela itamfaa hadi siku ya nne.